SIMON'S TOWN: MJI WA MANOWARI, PENGWINI NA MABAHARIA WA ZENJI WALIOSAHAULIKA

Kuna mji mdogo kule Afrika Kusini, kama kilomita 40 hivi kutoka Cape Town, unaitwa Simon's Town. Ni stesheni ya mwisho, reli inaishia hapo, na ukishuka tu bahari hii hapa mbele yako. Mwenye bando lake akiutafuta mtandaoni atakutana na vitu viwili: pengwini na mbwa. Pengwini wanatembea mchangani kama wazee waliovaa suti wanaokwenda harusini, na mbwa ni sanamu ya shaba iliyokaa katikati ya mji, kila mtalii lazima apige naye picha.

Sawa, hakuna ubaya. Pengwini wanapendeza na mbwa ana historia yake, tutafika huko. Ila mji huu una habari nzito kuliko hizo, na sehemu kubwa ya habari hiyo inamgusa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki moja kwa moja. Mabaharia kutoka Zanzibar walifanya kazi kwenye manowari zilizotia nanga pale, wengine wakafia pale na kuzikwa palepale. Na siyo baharia huyu wa siku hizi wa mtaani, wa kuvizia wake za watu. Mabaharia wenyewe kabisa, wa makaa na makasia.

Kwanza, kwa nini mji uwe pale? Wadachi wa Kampuni ya Mashariki ya India walikuwa na bandari yao Cape Town, kwenye ghuba iliyo chini ya ule mlima wenye kichwa bapa kama meza. Tatizo likawa kipupwe. Kule kipupwe chao ni Mei hadi Agosti, na upepo unaotoka kaskazini magharibi ukiingia kwenye ile ghuba unakata nanga na kutupa meli ufukweni kama maganda ya nazi. Meli zilipotea nyingi, na mali, na watu. Mwisho wakubwa wa kampuni wakaamua, mwanzoni mwa miaka ya 1740, kwamba miezi ya kipupwe meli zote zikajifiche upande wa pili wa rasi, kwenye kighuba kilichokingwa na milima. Kilikuwa kimeshapewa jina la gavana Simon van der Stel, aliyekipima mwaka 1687. Ghala likajengwa, hospitali ikajengwa, na mwaka 1777 ikajengwa nyumba ya gavana ya kupumzikia kipupwe. Nyumba hiyo ipo mpaka leo, ndiyo makumbusho ya mji, na katikati hapo imeshawahi kuwa mahakama na jela.

Waingereza waliiteka Rasi mwaka 1795, wakairudisha, wakaiteka tena mwaka 1806 na safari hii wakaing'ang'ania. Mwaka 1814 jeshi lao la majini likahamia Simon's Town moja kwa moja. Kuanzia hapo mji ukawa mji wa manowari. Neno lenyewe manowari tumelichukua kwao, walivyokuwa wakiita meli zao za vita, tukalipa lafudhi ya pwani likakaa. Kila kitu pale kilikuwa cha manowari: maji ya kisima, nyama ya mabucha, baa, hata kanisa. Reli ilifika mwaka 1890. Chelezo kikubwa cha mawe, kile cha kuingiza meli nzima halafu maji yanapampiwa nje ili mafundi washuke chini ya tumbo lake, kikafunguliwa mwaka 1910. Kinafanya kazi mpaka leo.

Sasa hapa ndipo Zanzibar inapoingia.

Mkuu wa manowari za Rasi hakuwa analinda Cape Town peke yake. Eneo lake lilipanda mpaka huku kwetu. Kila Mzanzibari amesikia habari ya vita vya Agosti 27, 1896, vile vinavyotajwa kuwa vita vifupi kuliko vyote duniani. Sultani Hamad alifariki tarehe 25, Khalid bin Barghash akaingia jumba la kifalme bila ruhusa ya Waingereza, akapewa muda atoke, hakutoka. Saa 3 na dakika 2 asubuhi mizinga ikaanza. Ndani ya dakika kama 40 hivi kasri lilikuwa kifusi, meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow imezamishwa bandarini, na watu kama 500 upande wa Khalid wameuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili aliumia baharia mmoja. Watu wanapenda kuicheka hii habari, eti vita vya dakika arobaini. Watu mia tano kwa dakika arobaini siyo kichekesho.

Aliyeamuru mizinga ile alikuwa Admeri Harry Rawson, na kituo chake kilikuwa wapi? Simon's Town. Miaka 18 baadaye, Septemba 20, 1914, manowari nyingine ya kikosi hichohicho, Pegasus, ilikuwa imelala bandarini Unguja ikitengenezwa mitambo, Königsberg ya Wajerumani ikatokea alfajiri na kuipiga mpaka ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa, na makaburi yao yako kisiwa cha Chapwani, pale mbele ya mji. Ukienda Fort Jesus Mombasa utaona mzinga wa Pegasus na mzinga wa Königsberg, wote wawili, wamestaafu pamoja.

Lakini manowari haziendeshwi na maadmeri. Chini ya sitaha kuna tanuri, na kwenye tanuri kuna mtu mwenye sepeto. Hao ndio hasa wa kuzungumziwa hapa.

Kwenye daftari za meli za Kiingereza waliandikwa Seedie. Asili yake ni neno la Kiarabu, sidi, yaani bwana. Lilivyozunguka Bahari ya Hindi likageuka kuwa jina la Mwafrika yeyote wa upande wa mashariki anayefanya kazi melini. Yaani mtu anaitwa bwana huku anachota makaa! Waliandikishwa Zanzibar na bandari nyingine za Bahari ya Hindi, tangu katikati ya karne ya 19 mpaka miaka ya 1930. Mkubwa wao melini aliitwa tindal, cheo kilichotoka India. Wenzao wa upande wa Afrika Magharibi walikuwa Wakru, mabaharia wa pwani ya Liberia na Sierra Leone. Makundi haya mawili yalikutana Simon's Town, kwa sababu rasi ndiyo inayounganisha bahari mbili.

Kwa nini Waingereza waliwataka? Kwanza malipo yao yalikuwa madogo kuliko ya baharia mzungu. Pili homa na jua vilikuwa vinawamaliza wazungu. Tatu, kulikuwa na imani kwamba Mwafrika hasikii joto, kwa hiyo apelekwe kwenye tanuri. Mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya tanuri la mkate Desemba Dar anajua kama Mwafrika hasikii joto. Na nne, ambayo haisemwi sana, walihitaji ulimi wao. Baada ya Sultani Barghash kukubali mwaka 1873 kufunga soko la watumwa na kuzuia biashara hiyo baharini, Waingereza walileta meli kuukuu iitwayo London wakaitia nanga Unguja kuanzia 1874. Kutoka hapo mashua ndogo zilitumwa kuvizia majahazi kwenye mikoko ya Pemba na mlango wa bahari. Sasa luteni kijana kutoka Uingereza atajuaje kumhoji nahodha? Atajuaje kama wale watu kwenye ngama ni abiria au ni watumwa waliofundishwa cha kusema? Aliyekuwa anauliza, anayesikiliza lafudhi, anayejua mkondo wa maji na mlango wa kupita kwenye miamba, ni yule baharia wa Zanzibar aliyekaa mbele ya mashua. Wengine kati yao wenyewe walikuwa wametolewa kwenye majahazi hayohayo.

Vitabu vikubwa vya enzi hizo vina majina ya makapteni, na picha zao, na ndevu zao. Baharia wa mbele ya mashua yeye ni "mkalimani", au "Seedie mmoja". Basi.

Na hata walipoandikwa majina, mambo yalikuwa ya ajabu. Wakru ndio waliopata shida zaidi. Karani akishindwa kutamka jina la mtu anambandika analotaka, na majina hayo yapo kwenye kumbukumbu: mtu mzima, baba wa watoto, kaandikwa Chupa ya Bia. Mwingine Tom Supu ya Njegere. Wanalipwa kwa jina hilo, wanaitwa kwa jina hilo, wanakufa nalo. Wazanzibari nao jina liliandikwa jinsi lilivyogonga sikio la karani, bila ubini, bila kutaja mtu katoka mtaa gani wala bara gani. Ndiyo maana leo mjukuu aliyeko Ng'ambo au Malindi akitaka kumtafuta babu yake kwenye daftari hizo, atatafuta nini?

Sasa turudi kwa yule mbwa.

Ni mbwa wa kweli, siyo hadithi. Alikuwa jibwa la aina ya Great Dane, alizaliwa Aprili 1, 1937. Alipenda mabaharia, na mabaharia walimpenda. Vita vya Pili vilipokaribia alikuwa anapanda nao treni kwenda Cape Town kulewa, wao wanalewa na yeye anawarudisha. Watu wa reli wakachoka, kwa sababu halipi nauli na analala kwenye viti, wakatishia kwamba atauawa. Mabaharia wakalalamika sana. Jeshi likapata dawa: Agosti 25, 1939 likamwandikisha rasmi kuwa baharia, maana baharia anasafiri bure.

Kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya jina la ukoo. Wakaandika Nuisance, yaani Kero, kwa sababu ndivyo alivyoitwa. Ikabaki sehemu ya jina la kwanza. Haiwezekani kuacha wazi! Wakajaza Just. Kwa hiyo jina kamili, Kero Tu. Kazi yake: mvunja mifupa. Dini: mdowezi. Alikuwa na karatasi yake ya makosa pia, kwamba alisafiri bila kibali, kwamba alilala kwenye kitanda cha mkubwa, kwamba alikataa kutoka baa muda wa kufunga ulipofika. Alikufa Aprili 1, 1944, siku aliyotimiza miaka saba. Alifungwa kwenye bendera ya jeshi la majini, risasi za heshima zikapigwa, na kaburi lake lina jiwe zuri la matale kule juu mlimani.

Mbwa hana kosa. Alikuwa mbwa mzuri na vita vilikuwa vibaya, watu walihitaji cha kuchekea. Meli zilikuwa zinapita Rasi kwa mamia kwa sababu Bahari ya Kati ilikuwa haipitiki, na baharia aliyekuwa anaelekea asikokujua alifarijika kumkuta jibwa lile stesheni. Ila hebu weka fomu mbili mezani, ubavu kwa ubavu. Jeshi moja, bandari moja. Kwa mbwa, karani aliona aibu kuacha nafasi ya jina wazi.

Mwaka 1955 Uingereza na Afrika Kusini zilitiliana saini mkataba wa Simon's Town, na Aprili 2, 1957 kambi ikakabidhiwa kwa makaburu. Waingereza wakabaki na haki ya kuitumia, na kuwauzia wenyeji silaha za baharini. Kwa karatasi ni habari za kijeshi. Kwa watu wa mji ilikuwa habari nyingine, kwa sababu wenye nyumba mpya walikuwa na sheria zao.

Mji ulikuwa umechanganyika kuliko pilau. Wazao wa watumwa wa Kimalai walioletwa na Wadachi, Waislamu wenye msikiti wao mlimani. Watu wa St Helena. Waafrika waliotolewa kwenye meli za watumwa baada ya 1808 wakashushwa hapo, wengi asili yao Msumbiji, wakaambiwa mko huru halafu wakafungwa kwa mikataba ya kazi ya miaka mpaka 14. Wakru. Mabaharia wa Zanzibar walioshuka wakaoa. (Usiwachanganye na wale Wazanzibari wa Durban, walioshushwa huko kuanzia 1873. Hao ni kisa kingine, na wengi wao ni Wamakua.) Watu hawa walikuwa wavuvi, mafundi wa gatini, wafuaji nguo za manowari, walimu.

Mwaka 1965 watu weusi wa kitongoji cha Luyolo walihamishiwa Gugulethu, mbali kabisa. Septemba 1, 1967 Simon's Town ikatangazwa kuwa eneo la wazungu. Watu zaidi ya 7,000 wakaondolewa, wengi wakapelekwa nyuma ya milima, kwenye maghorofa na vibanda vilivyojengwa sehemu tupu. Halafu wakapaita Ocean View, Mandhari ya Bahari! Mtu aliyezaliwa akisikia mawimbi chini ya dirisha lake anapelekwa nyuma ya mlima, na mahali pake anawekewa bahari kwenye kibao. Hata Chupa ya Bia haifiki hapo.

Na hapa anaingia Mwalimu. Mwaka 1970 serikali ya Edward Heath ilisema itaiuzia Afrika Kusini silaha za majini, hoja yake kubwa ikiwa ule mkataba wa Simon's Town na ulinzi wa njia ya Rasi dhidi ya Warusi. Nyerere akaja juu. Kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola kule Singapore, Januari 1971, yeye na Kaunda na Obote walimbana Heath kwelikweli, na Tanzania ilikuwa tayari kuondoka kwenye Jumuiya. Obote yeye alilipa gharama ya ziada, maana akiwa hukohuko Januari 25 Idi Amin akampindua. Mwisho Uingereza iliuza helikopta saba za Wasp, ikaishia hapo, na mwaka 1975 mkataba wenyewe ukavunjwa. Wengi waliosoma historia shuleni wanakumbuka ugomvi wa Singapore. Wachache wanajua kwamba ugomvi ulikuwa juu ya mji mdogo wenye chelezo kimoja, ambao wenyewe wa asili walikuwa wanapakiwa kwenye malori wakati huohuo.

Leo jeshi la majini la Afrika Kusini bado lipo pale na manowari zake na nyambizi. Huruhusiwi kuingia hovyo, lakini kwenye gati la magharibi, kwenye majengo ya zamani ya matanga na milingoti, kuna makumbusho ya jeshi. Barabara kuu ina majengo mengi ya zaidi ya miaka 150 yaliyopangana, migahawa ya samaki na chipsi inatazama boti, na kutoka jetini unapanda boti kwenda kuona sili au nyangumi wakiwa na msimu. Maji ya kuogelea ni ya baridi. Watu wa pale watakuambia ni ya vuguvugu, wanalinganisha na upande wa Atlantiki; mtu wa Kigamboni asiwasikilize. Nyani nao wapo, wanashuka mlimani na kuingia majikoni, kwa hiyo ukipanga nyumba funga madirisha.

Pengwini wako Boulders, kwenye mawe makubwa ya mviringo. Walianza kutaga pale miaka ya 1980 wakiwa jozi chache tu, wakazaliana mpaka maelfu. Sauti yao ni ya punda, siyo mfano, ni punda kabisa, na kunuka wananuka. Kiingilio kinalipwa, kwa sababu ni hifadhi ya taifa. Na wanahitaji kulindwa: mwaka 2024 jamii yao iliingizwa rasmi kwenye kundi la viumbe walio ukingoni mwa kutoweka, samaki wao wanaisha.

Waliohamishwa wana makumbusho yao pia, Nyumba ya Amlay, nyumba ya familia ya Kiislamu iliyoondolewa. Ndani kuna vyombo, nguo za harusi, picha za familia na za mitaa iliyokuwepo. Ni ndogo na haina foleni. Ukiwa na saa moja tu mjini, ianze hiyo, pengwini hawaendi popote.

Na makaburi? Yapo Seaforth, makaburi ya zamani ya jeshi. Humo wamo maofisa wenye misalaba mikubwa, na wamo Wakru na mabaharia wa Zanzibar, chini ya mawe yenye majina yaleyale ya daftarini. Mwenye kwenda ashuke stesheni ya mwisho, afuate barabara kuu, apite sanamu ya mbwa, apite geti la jeshi, na kabla hajafika kwenye foleni ya tiketi za pengwini aulize mtu wa pale amwonyeshe.